Shawa juu ya hodhi: ya mpira, ya umeme au ya ukutani?

Nyumba nyingi za zamani za Upanga na Oysterbay jijini Dar es Salaam, na za Parklands kule Nairobi, zilijengwa na hodhi la kuogea: chombo kizito cha chuma chenye enameli nyeupe, kimeegemezwa ukutani, koki mbili upande mmoja, na ile ya maji moto haijatoa maji moto tangu wenye nyumba wa kwanza wahame. Watoto wa siku hizi wanaliita jakuzi, ingawa halijawahi kutoa povu hata siku moja. Na humkuti mtu akijiloweka mle. Watu wanaingia, wanasimama, wanajimwagia kwa kopo kutoka kwenye ndoo.

Ndiyo maana bafu likifikia kukarabatiwa, wazo la kwanza huwa ni kuliacha hodhi mahali pake na kuweka shawa juu yake. Kuling'oa ni kazi ya wanaume wanne na mlango uliotolewa kwenye bawaba, tena chini yake mara nyingi hukuti sakafu ya maana wala mteremko wa maji. Kuweka shawa ni kazi ndogo zaidi. Ila kuna namna tatu za kuiweka, na kila fundi huzungumzia ile anayoijua kana kwamba nyingine mbili hazijazaliwa.

Ya kwanza ni kutoa koki za zamani na kufunga koki ya kuchanganya yenye mpira na kichwa cha kushika mkononi. Ya pili ni shawa ya umeme, ile inayopasha maji palepale yanapopita kichwani mwake. Ya tatu ni shawa ya ukutani, mabomba yamezikwa nyuma ya vigae, inalishwa na hita ya tangi au ya sola. Ya kwanza nimemfungia mama, ya pili ninayo kwangu, ya tatu nimeishi nayo kwenye nyumba ya kupanga Arusha. Zote tatu nimezisifu, na zote nimezilaani.

Mambo ya kupima kabla ya kwenda dukani

Anza na presha. Kila mita moja ya kimo, kutoka usawa wa maji ndani ya tanki hadi kichwa cha shawa, inakupa bar 0.1 tu. Tanki lililokaa juu ya zege la bafu lenyewe linakupa kama bar 0.2 siku limejaa. Pampu ya presha ya nyumbani hukupa mara kumi ya hapo. Kipimo chake hakihitaji fundi: chomeka mpira kwenye koki, simama ndani ya hodhi, inua ncha ya mpira hadi usawa wa kichwa chako, jaza ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa dakika mbili na nusu, unapata lita nane kwa dakika, na hiyo ni shawa ya kumtosha mtu mzima. Ikichukua dakika tano, bado utaoga vizuri, lakini sahau vile vichwa vipana kama sinia.

Kisha yaonje maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi haiharibu shawa tu. Kwenye shawa ya umeme inageuka suala la usalama, nitalifikia. Kama birika lako la chai lina ganda jeupe ndani, ganda hilohilo litaziba vitundu vya kichwa cha shawa na kuchora madoa kwenye kioo.

Tazama ukuta. Mafundi wa zamani walimaliza vigae kifuani kwa mtu, kwa sababu aliyekaa ndani ya hodhi harushi maji juu zaidi ya hapo. Shawa inarusha. Vigae visipofika usawa wa kichwa cha shawa, plasta itakunywa maji kila asubuhi, na baada ya masika mawili chumba cha upande wa pili kitaanza kuota ukungu.

Hesabu watu. Ukingo wa hodhi una kimo cha nusu mita hivi. Kijana anauruka bila kufikiri. Mwenye magoti mabovu anaufikiria tangu kitandani.

Na mwisho ulize swali ambalo fundi hatakuuliza: hodhi lenu lina kazi gani? Kwa asili hodhi ni birika la kuhifadhia maji. Kwenye misikiti ya pwani watu walichota humo maji ya kutawadha. Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, la mama lilirudi kwenye kazi hiyo. Lilijazwa usiku maji yakitoka, likafunikwa kwa bati, likalisha nyumba nzima. Hodhi lililojaa maji ya akiba halisimamwi ndani. Kama kwenu mgao ni jambo la kila wiki, shawa juu ya hodhi itakuwa pambo kwa nusu ya mwezi, hata ikiwa ya dhahabu.

Koki yenye mpira

*Presha.* Hii ndiyo inayovumilia presha ndogo kuliko zote, kwa sababu rahisi: kichwa unaweza kukishusha. Ukikishika kifuani badala ya juu ya kichwa umeongeza nusu mita ya kimo, na pale ambapo ulikuwa na mita moja na nusu tu, hiyo ni nyongeza ya theluthi nzima.

*Maji moto na umeme.* Haipashi chochote. Dar es Salaam au Mombasa, tanki likishinda juani, kati ya Novemba na Machi wengi hawatajali. Iringa au Limuru watajali sana. Kama mna hita tayari, hakikisha maji ya baridi na ya moto yanatoka kwenye tanki moja. Yakiwa ya baridi yanasukumwa na pampu na ya moto yanashuka yenyewe, ya baridi yatayarudisha ya moto kwenye bomba lake na utaoga maji baridi huku koki yote umeifungulia upande mwekundu. Ubaya huu mafundi huuita "hita mbovu", na nimeona hita nzima ikibadilishwa bure.

*Kubomoa.* Karibu hakuna. Lakini pima kabla ya kununua. Hodhi za zamani zenye matundu mawili kwenye ukingo mara nyingi zina sentimita 18 kutoka kati ya tundu moja hadi kati ya lingine, na koki zake ni za robo tatu inchi. Koki nyingi za kuchanganya zilizojaa madukani ni za kufungwa ukutani: nusu inchi, sentimita 15. Nilirudi Kariakoo mara mbili kwa ajili ya sentimita tatu.

*Anayeoga.* Mtoto, kwa sababu unamwosha kuanzia shingo kwenda chini bila kumtia maji masikioni. Mzee, kwa sababu anaweza kuoga amekaa: ubao mpana ulazwe juu ya hodhi, akalie, azungushe miguu ndani, ashike mpira mwenyewe. Anayeosha nywele bila kuoga. Anayetawadha. Na hodhi lenyewe, ambalo kusugua ni rahisi ukiwa na maji ya kuelekeza.

Ubaya wake ni kwamba mkono mmoja una kazi wakati wote, hata ukiweka kishikio ukutani, kwa kuwa kishikio cha bei nafuu hulegea na kichwa kinakugeukia usoni. Watoto wakubwa hulowesha dari. Na usiuache mpira ukielea kwenye maji machafu ya hodhi: maji ya bombani yakikatika ghafla, mabomba yanaweza kuyavuta yale machafu yarudi ndani. Koki nzuri ina valvu ndogo ya kuzuia hilo. Kama haina, kata mpira uwe mfupi usifike chini.

Shawa ya umeme

*Presha.* Nyingi zinaridhika na kimo cha mita moja, kwa hiyo tatizo lake si maji kupanda. Tatizo ni kwamba kiasi cha maji kinategemea nguvu ya umeme. Shawa ya kilowati 5.5 ikipokea maji ya nyuzijoto 18, kama ya asubuhi ya Julai nyanda za juu, na kutakiwa kuyafikisha 40, itakupa lita tatu na nusu hivi kwa dakika. Huo ni uzi, tena uzi wa moto. Shawa hiyohiyo pwani, ambako maji yanaingia na nyuzijoto 27, inakupa zaidi ya lita sita. Kwa hiyo mwenzako wa Tanga akikwambia shawa yake "inamwaga", usimtilie shaka, ila usinunue kwa kusikia kwake kama unaishi Njombe.

*Maji moto na umeme.* Hapa ndipo uzuri wake na hatari yake vinapolala kitanda kimoja. Uzuri: hupashi tone usilolioga. Dakika sita za kilowati 5.5 ni nusu uniti na kidogo ya LUKU, na hakuna kusubiri. Umeme ukikatika, unaoga baridi papo hapo, sabuni ikiwa machoni.

Hatari: kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampea 24. Hiyo haichomekwi kwenye waya wa taa. Inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, milimita 6 za mraba ni saizi ya kulala usingizi, breka yake ya ampea 32, swichi kubwa yenye taa nje ya bafu, na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Na ethi. Ethi ya kweli, iliyoshuka ardhini, si waya wa kijani uliofichwa nyuma ya shawa bila kuunganishwa popote. Wangu ulikuwa hivyo. Nilijua siku niligusa koki na kuhisi kama sisimizi wanatembea mkononi. Nilikuwa nimesimama kwenye hodhi la chuma lenye maji ya vidole viwili. Fundi aliyeifunga aliponisikia alicheka akasema, "Hiyo ni kawaida, kaka, utazoea." Si kawaida, na usizoee.

Sasa ile habari ya chumvi. Ndani ya shawa nyingi za bei nafuu waya unaopasha uko wazi, unagusana na maji. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu, kwa hiyo unaovuja unaongezeka na waya wenyewe unaliwa haraka. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, waya wake umevikwa ganda. Bei ni kubwa zaidi. Ukiwa na kisima cha pwani, hiyo ndiyo shawa ya umeme pekee ya kuzungumzia. Ukikosa, rudi kwenye namna ya kwanza au nenda ya tatu. Na yoyote utakayofunga, usisogeze kitufe cha moto wakati maji yanatoka. Funga maji, sogeza, fungua tena.

*Kubomoa.* Bomba moja tu la baridi kupandishwa, ndiyo. Lakini waya unatoka mbali, na kama ukuta hauna njia ya waya ya kutosha itabidi kuchimba ukuta wa koridoni pia. Fundi akisema "tunabomoa kidogo tu", mwulize kidogo hicho kinaanzia chumba gani.

*Anayeoga.* Mtu mmoja au wawili, wanaoga wamesimama, kila mmoja kwa wakati wake. Mpangaji anayeweza kuifungua na kuondoka nayo. Hodhi lenyewe halifaidiki: kulijaza lita 150 kwa shawa ya lita nne kwa dakika ni zaidi ya nusu saa ya kusubiri, na shawa yenyewe haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Shawa ya ukutani yenye hita

*Presha.* Hii ndiyo inayodai zaidi. Kichwa kipana na koki inayojirekebisha joto yenyewe, vyote vinataka presha ya pampu. Kwenye bar 0.2 vinatiririsha kama paa bovu. Kama huna pampu wala mnara wa tanki, nunua kichwa kidogo na koki ya kawaida ya mishikio miwili. Haina mbwembwe ila inafanya kazi.

*Maji moto na umeme.* Hita ya lita 50 iliyofika nyuzijoto 65, ikichanganywa na maji ya nyuzijoto 20, inatoa kama lita 110 za maji ya kuoga. Watu wawili wenye adabu, au kijana mmoja wa miaka kumi na saba. Kuipasha kutoka baridi kunakula uniti 2.6, na kwa hita ya kilowati 1.5 kunachukua saa moja na dakika arobaini na tano, kwa hiyo anayeamka wa mwisho ajue hivyo. Swichi ikisahauliwa usiku kucha, unalipia joto linalovujia hewani.

Sola inafuta sehemu kubwa ya gharama hiyo, ila ina mashariti yake ya paa. Ikiwa ni ile isiyotumia pampu, tanki la baridi lazima likae juu kuliko tangi la sola, na paa nyingi za zamani hazikupangwa hivyo. Kusini mwa ikweta paneli hutazama kaskazini. Nimeona moja inayotazama kusini kwa sababu upande huo ndio unaoonekana barabarani.

Chumvi hapa haileti mshtuko, inaleta kutu. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesi iliyowekwa iliwe badala ya chuma. Ikiisha, zamu ni ya tangi. Maji ya kisima cha pwani huimaliza upesi, kwa hiyo ikaguliwe kila mwaka.

*Kubomoa.* Kubwa. Vigae vyote vya upande wa hodhi vinashuka. Kwa hiyo kama unabadilisha vigae hata hivyo, hii ndiyo nafasi yako, na kama hubadilishi, fikiria mara mbili. Mabomba yakishawekwa, yajazwe maji kwa presha na yaachwe usiku mzima kabla ya plasta. Nunua moyo wa akiba wa koki, kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji, siku hiyohiyo unayonunua koki, kwa sababu miaka mitano baadaye duka litakuwa linauza mtindo mwingine.

*Anayeoga.* Familia kubwa, wageni, na yule ambaye kweli anataka kujiloweka Jumapili. Kwa mtoto na mzee, kichwa kilichoganda juu hakisaidii chochote, isipokuwa ukiongeza tawi la mpira. Na maji ya nyuzijoto 60 yanaunguza kwa sekunde chache, kwa hiyo koki isiwe mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu anaweza kuifungua peke yake.

Yanayozihusu zote tatu

Kimo cha kichwa kipimwe kutoka chini ya hodhi unaposimama, si kutoka sakafuni. Sehemu ya kusimama iko sentimita kumi au zaidi juu ya sakafu. Kwangu hawakufanya hivyo, na shemeji yangu mrefu huoga ameinamisha shingo kama anaomba radhi. Mita mbili na kidogo, kutoka ndani ya hodhi.

Pazia liingie ndani ya hodhi, lisining'inie nje. Kioo badala ya pazia ni kizuri mahali penye maji matamu. Kabla ya kupaka silikoni kati ya hodhi na ukuta, jaza hodhi maji ili likae kwa uzito wake. Uache silikoni ikauke ndipo uyatoe. Bila hivyo, siku ya kwanza mtu akisimama ndani, mstari unapasuka. Hodhi la plastiki linanesa zaidi kuliko la chuma na linahitaji tahadhari hiyo mara mbili. Mshikio wa mkono ufungwe kwenye tofali, maana wa kunata na kile cha kutundikia taulo havimshikilii mtu anayeteleza.

Kwa hali yako

Presha ndogo, hakuna bajeti ya vigae, na nyumbani kuna mtoto au mzee: koki yenye mpira, hata kama hita mtaweka mwakani. Mama alipinga mwanzoni, "Mwanangu, ndoo yangu ilikosa nini?", siku hizi hukalia ubao wake na kuimba humo hadi tanki linalia.

Uko peke yako au wawili, unaishi penye baridi, maji yako ni ya bomba na si ya chumvi, na boksi la umeme ni jipya: shawa ya umeme. Kama nyaya za nyumba ni za tangu enzi za shilingi ya kale, gharama ya nyaya iingize kwenye hesabu kwanza. Mara nyingi hapo ndipo inapoacha kuwa ya bei nafuu.

Vigae vinabomolewa, kuna pampu, na asubuhi mnapanga foleni: ya ukutani, yenye tawi la mpira. Penye jua na paa linaloruhusu, sola. Penye kisima cha chumvi, tenga fedha ya fimbo ya magnesi.

Mgao kila wiki: acha hodhi liwe la maji, na shawa itafutiwe kona yake sakafuni hata ikiwa ndogo.

Na kama aliye nyumbani hawezi tena kuvuka ukingo, hata kwa ubao na mshikio, basi hakuna kati ya hizi tatu inayomfaa. Ita wale wanaume wanne, toa mlango, ling'oe, uweke sakafu yenye mteremko na kiti. Hodhi la chuma usilipeleke kwa muuza chuma chakavu kabla hujauliza mfugaji wa jirani; kwa kunyweshea ng'ombe halina mpinzani.